Yaesu FT-818 kwenye mvua ya Usambara: redio nzuri inayotaka kulindwa

Anayepanda milima ya Usambara akiwa na redio ya ridhaa, yaani ya mawasiliano ya kujifurahisha yasiyo ya biashara, mgongoni hana budi kuanza na swali ambalo mnunuzi wa nchi kavu huliacha hadi mwisho: je, chombo hiki kitaendelea kufanya kazi kikinyeshewa? Sifa za Yaesu FT-818 zimekwisha kuandikwa sana, na nyingi ni za kweli, lakini zimeandikwa zaidi na watu walioitumia juu ya meza ya bustani au juu ya jiwe lililopigwa na jua. Huku kwetu Tanga, ambako masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, vuli huingia Oktoba, na katikati yake mchoo na ukungu wa milimani haviachi msitu ukauke, sifa hizo zinahitaji kupimwa upya. Hukumu yangu, baada ya kuitumia Usambara Mashariki na Usambara Magharibi, ni kwamba FT-818 ina kasoro mbili zinazokuzwa na mvua, yaani ulaji wake wa betri na uwazi wa umbo lake mbele ya maji, na ina fadhila moja ambayo kwa mkazi wa mkoa huu inazifunika kasoro zote mbili.

Kwa asiyeifahamu, hii ni redio ya kurusha na kupokea iliyotoka mwaka 2018 kuchukua nafasi ya FT-817, ambayo ilikuwa sokoni tangu mwanzoni mwa karne hii, na anayezitazama mbili hizo kwa mbali hawezi kuzitofautisha. Upana wake ni milimita 135, kimo milimita 38 na kina milimita 165, na bila betri uzito wake ni karibu gramu 900. Inafanya kazi kwenye bendi za masafa mafupi kuanzia mita 160 hadi mita 10, kisha inaendelea megahezi 50, 144 na 430, kwa sauti, kwa Morse na kwa FM, na hupokea pia stesheni za kawaida za FM, jambo dogo ambalo mtu hulithamini siku ya mechi. Nguvu yake ya juu ni wati 6 ikipewa volti 13.8 kutoka nje, ilhali FT-817 ilikuwa na wati 5. Tofauti hiyo haitambuliwi na yeyote anayesikiliza upande wa pili, kwa hiyo mwenye FT-817 nzima asishawishike kuiuza kwa ajili ya wati moja.

Redio za ukubwa huu zimepata soko kubwa kutokana na mpango wa kurusha matangazo kutoka vileleni unaojulikana kwa herufi SOTA, ulioanzishwa Uingereza tarehe 2 Machi 2002 na kuenea katika nchi nyingi. Masharti yake yanaeleweka upesi: mrushaji aumalizie mlima bila chombo cha moto, akae ndani ya mita 25 za kimo kutoka kileleni, atumie betri au umeme wa jua na asitumie jenereta ya mafuta, na ili apate pointi za kilele hicho awasiliane na vituo visivyopungua vinne bila kupitia virudishi vya ardhini, yaani mitambo inayopokea sauti na kuirusha tena. Pointi zenyewe sizijali sana, lakini masharti hayo ni kipimo kizuri cha redio ya mlimani, kwa kuwa yanamlazimisha mtu abebe kila kitu mwenyewe na ategemee alichobeba. Redio inayopendeza dukani inaweza kuchukiza vibaya baada ya saa tatu za kupanda kwenye udongo mwekundu ulioteleza.

Kabla ya redio kuna karatasi. Leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na vitambulisho vya vituo vyetu huanza na 5H. Nakala ya leseni iwe ndani ya begi, imefunikwa isilowe, kwa sababu mtu anayetundika waya kwenye ukungu huku akitamka herufi na tarakimu kwa Kiingereza hana namna nyepesi ya kujieleza mbele ya wanakijiji wasiomfahamu. Kupita kwa mwenyekiti wa kijiji, kumwamkia na kumweleza safari yako, kunachukua dakika chache na kunaondoa maswali ya baadaye. Katika hifadhi za mazingira asilia za Amani na Magamba, ambazo ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kuna kiingilio na kuna mwongozaji, na ninashauri mwongozaji achukuliwe hata pale ambapo njia inaonekana wazi, kwani ukungu wa huko hufunga kwa dakika chache. Kijana aliyeniongoza Magamba aliitazama redio kwa muda mrefu, akaisikiliza ikinong'ona Kiitaliano, kisha akauliza, “Mjomba, hiyo inakula bando la nani?” Nilimjibu kwamba haili bando la mtu, inakula betri.

Na kweli inaila. Ikiwa inasikiliza tu, FT-818 huvuta karibu ampea 0.45, na ikirusha kwa nguvu zote huvuta zaidi ya ampea 2. Betri yake ya ndani ya nikeli ina ujazo wa miliampea-saa 1,900, maana yake ni kwamba kwa hesabu ya darasani inakupa takriban saa nne za kusikiliza bila kutamka neno, na ukianza kuita muda huo hupungua haraka. Kwa kulinganisha, KX2 ya Elecraft, ambayo ni kampuni ya California, inaweza kusikiliza kwa ampea 0.135 tu, uzito wake haufiki nusu kilo, na hutoa hadi wati 10. Tofauti ya mara tatu katika kusikiliza si ndogo, na mvua huizidisha, kwa sababu siku ya mvua mtu hukaa kileleni muda mrefu kuliko alivyopanga: anasubiri manyunyu yapungue, anasubiri radi ipite, anasubiri aliyeahidiana naye amalize kuhamisha bodaboda barazani. Paneli ndogo ya jua, ambayo wengi huiweka kwenye orodha ya vifaa, ndani ya wingu la Usambara haina faida yoyote.

Njia niliyoiona inafaa ni kuiondoa kabisa betri ya ndani, ili kupunguza uzito, na kubeba betri ya nje ya lithiamu na fosfeti ya chuma yenye seli nne na ujazo wa ampea-saa 3. Volti zake 12.8 zinaikubali redio hii vizuri na hazishuki mpaka karibu na mwisho, na ujazo huo unatosha kwa nusu siku ya kusikiliza na kuita kwa kiasi. Taa ya kioo izimwe, kwani inakula bila sababu mchana. Jambo la kuangaliwa zaidi ni tundu la umeme lililo nyuma ya redio, ambalo ni jembamba kuliko inavyostahili chombo cha safari. Waya ukivutwa kidogo plagi hulegea na redio huzimika katikati ya mazungumzo. Waya huo ufungwe kwanza kwenye kishikio cha mkanda wa redio ndipo uingie tunduni, ili mvuto wowote uishie kwenye kishikio.

Kasoro ya pili inaonekana kwa macho. Spika imewekwa kwenye kifuniko cha juu, na redio ikilazwa kama ilivyokusudiwa, matundu ya spika yanatazama mbinguni. Katika maelezo yake hakuna kiwango chochote cha kuzuia maji kinachotajwa, wala soketi zake hazina vifuniko vya mpira. Watu hutafuta mikoba ya bei kubwa ya kuifunika, na baadhi ya mikoba hiyo ni mizuri, lakini mimi nimeridhika na ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye mfuniko, ile inayouzwa kila soko kuanzia Ngamiani hadi Lushoto. Njiani ndoo hubeba redio, betri na daftari bila kuingiza hata tone. Kileleni hulazwa ubavu, mdomo ukipewa kisogo cha upepo, redio ikakaa ndani kabisa na nyaya zikatokea chini ya ukingo zikiwa zimelegezwa kidogo ili maji yanayotambaa juu yake yadondokee nje badala ya kufuata waya hadi kwenye soketi. Mfuko laini haufanyi kazi hiyo, sembuse ile mifuko ya plastiki ya kubebea ambayo tangu Juni 1, 2019 ni marufuku nchini, kwa sababu kitu laini hugandamana na redio na kuhifadhi jasho lake.

Jasho hilo, yaani unyevu unaojiunda kwenye chuma baridi, ni adui ambaye anayetazama mawingu tu hamwoni. Kilele cha Magamba kiko karibu mita 2,230 juu ya usawa wa bahari, na Mombo, ambako barabara ya Lushoto inakutana na barabara kuu, iko chini kabisa kwenye joto la tambarare. Redio iliyopoa mlimani ikifunguliwa Mombo kwenye hewa ya joto na unyevu hutokwa na matone ndani na nje kana kwamba imetumbukizwa kisimani, hata kama mvua haikuigusa. Dawa yake ni subira: ndoo ibaki imefungwa mpaka redio ipate joto la mahali, ndipo ifunguliwe. Vile vipakiti vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinafaa kuwekwa ndani ya ndoo, na vikizeeka vibadilishwe.

Juu ya ndoo na juu ya mrushaji panapaswa kuwa na turubai lililofungwa chini chini, lenye mteremko mmoja mkali, kwani turubai lililotandazwa kama dari hukusanya maji na kumwagia mtu shingoni pale pale anapoandika kitambulisho cha kituo adimu. Mvua ikipiga turubai, spika ndogo ya FT-818 haisikiki kabisa, na hii ni sababu tosha ya kutumia visikizio vya masikioni, ambavyo pia vinaokoa betri kidogo na kufanya sauti hafifu zitambulike. Upungufu wa visikizio ni kwamba anayevivaa hasikii ngurumo za mbali, kwa hiyo mwongozaji apewe kazi rasmi ya kusikiliza anga.

Katika uendeshaji, redio hii ina jambo moja linaloifaa mvua na jingine linalochosha. Linaloifaa ni kwamba vitufe vyake ni vitufe kweli. Vidole vilivyolowa, ambavyo skrini ya simu huvikataa, huvibonyeza bila shida. Linalochosha ni kwamba vitufe ni vichache na kazi ni nyingi, hivyo vitufe vitatu vya A, B na C hubeba safu nzima ya kazi zinazobadilika, na mambo mengine yamezikwa ndani ya menyu ndefu ambayo majina yake yamekatwa yakabaki herufi chache. Si redio ya kujifunzia mlimani. Kila kitu kipangwe nyumbani, masafa yanayotarajiwa yaingizwe kwenye kumbukumbu, na menyu isiguswe tena mpaka siku ya kurudi.

FT-818 haina kirekebishi cha antena ndani yake, yaani kifaa cha kuioanisha antena na redio, na hapo ndipo mnunuzi mpya hushangaa, maana redio nyingine za mlimani, ikiwemo KX2 ikiongezewa kifaa chake na G90 ya Xiegu tangu inapotoka kiwandani, zinacho. Mimi siuhesabu huu kuwa upungufu mkubwa. Antena iliyokatwa kwa urefu sahihi haihitaji kirekebishi: waya wa nusu wimbi kwa bendi ya mita 20 una urefu wa takriban mita 10, unalishwa mwishoni kupitia transfoma ndogo ya uwiano wa 49 kwa 1, na ukiurefusha mara mbili unafanya kazi pia bendi za mita 40, 15 na 10. Waya huo uwe na ganda la plastiki. Kebo bapa ya ohmu 300, ambayo wakati wa kiangazi ni nyepesi na ya kupendeza, hubadilika tabia ikilowa, na aliyeirekebisha kabla ya mvua atalazimika kuirekebisha tena baada yake. Kebo ya antena niliyoiagiza kwa muuzaji mmoja ilipitisha maji kwenye kiungio chake, na tangu hapo kila kiungio ninakizungushia tepu ya umeme hata kama anga ni jeupe.

Kuhusu kamba, mtu wa Tanga ana kiburi chake. Katani ilipandwa huku tangu mwaka 1893, na kuna raha fulani kufunga mlingoti wa redio kwa kamba iliyosokotwa katika mkoa huu huu. Lakini ukweli usemwe: kamba ya katani ikilowa hujikaza na kufupika, na mlingoti mwembamba wa nyuzi za kioo uliofungwa barabara asubuhi huanza kupinda mvua ikikolea. Anayetaka kuitumia aache ulegevu, au akubali kuzunguka akifungua mafundo. Kamba ya nailoni nayo hulegea ikilowa, na ile ya plastiki ya rangi, inayofungia mizigo, ndiyo inayobaki kama ilivyofungwa. Katika msitu wa Magamba, penye miti mikubwa ya mikulo, mlingoti hauhitajiki kila mara, kwani kamba nyembamba iliyorushwa juu ya tawi kwa ruhusa ya mwongozaji inatosha kuinua waya, mradi iondolewe yote wakati wa kuondoka.

Sasa fadhila yenyewe. KX2 haina bendi ya megahezi 144, na G90 haina. FT-818 inayo, na kwa sisi tunaoishi kati ya milima na bahari hiyo ndiyo bendi inayoifanya safari iwe na maana ya kijirani. Mawimbi ya megahezi 144 husafiri karibu kwa mstari wa macho, na umbali wa upeo wake hukadiriwa kwa kuchukua kipeuo cha pili cha kimo kwa mita na kukizidisha kwa 4.1, jibu likawa kilomita. Mlima Mlinga, ulio juu ya Muheza, unazidi kidogo mita 1,000, hivyo upeo wake ni kama kilomita 130. Ndani ya mzingo huo uko mji wa Tanga, iko Pangani, na kisiwa cha Pemba kiko ng'ambo ya maji bila kilima chochote cha kukizuia. Mombasa iko nje kidogo ya mzingo, lakini kituo cha huko kikiwa na antena juu ya ghorofa, upeo wake na upeo wa Mlinga hukutana. Haya yote hufanyika kwa antena fupi iliyofungwa kwenye soketi ya mbele ya BNC, bila mlingoti na bila waya wa mita 10, na mvua, ambayo huyadhoofisha sana mawimbi ya setilaiti, kwa masafa haya haina athari ya kutajwa.

Siku ambayo ukungu ulikuwa umeshika kiasi kwamba sikuiona hata miti iliyo hatua chache mbele yangu, nilizungumza kwa megahezi 145.500 na mwenzangu aliyekuwa Raskazone, ufukweni mwa mji wa Tanga, naye akanieleza kwamba huko jua linawaka na watu wanaogelea. Sauti yake ilikuwa safi kama ya simu, kwa wati 2.5. Ni kweli kwamba wanaosikiliza masafa hayo mkoani ni wachache, na anayepanda bila kuahidiana na mtu anaweza kuita mpaka sauti ikauke. Lakini kwa kupanga mapema, vituo vinne vinapatikana kwa FM peke yake, na hilo humwezesha mtu kumaliza kazi ndani ya muda mfupi na kushuka kabla njia haijageuka kijito. Magamba iko juu zaidi na kwa hesabu upeo wake unakaribia kilomita 190, ila milima mingine imesimama kati yake na pwani, kwa hiyo kwa bendi hii ninaipenda Mlinga zaidi. Tahadhari moja tu: kebo nyembamba ya aina ya RG-174, inayopendwa kwa wepesi wake, ikifika mita 10 hula zaidi ya nusu ya nguvu kwenye megahezi 145, hivyo kwa bendi hii kebo iwe fupi kabisa au isiwepo.

Kwenye masafa mafupi redio inafanya kinachotarajiwa. Wati 5 ziko desibeli 13 chini ya wati 100 za kituo cha nyumbani, tofauti ambayo kwenye mita ya kupokelea ni kama alama mbili na kitu, na mahali pa juu penye utulivu hulipa sehemu ya deni hilo. Utulivu huo haumo katika matangazo ya biashara. Nyumbani, chaja za simu na taa za bei rahisi hujaza bendi kelele. Mlimani hakuna kitu, na kipokezi cha kawaida cha FT-818, kisicho na kichujio cha ziada wala uchakataji wa kidijitali, kinaonekana bora kuliko kilivyo. Mzunguko wa jua wa 25, ulioanza Desemba 2019, uliziamsha bendi za mita 15 na mita 10, na kwa Morse nguvu hizi hufika Ulaya mchana bila kubembeleza. Kwa sauti kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa redio haina kikandamizi cha sauti. Mwenye kuanza akumbuke pia kwamba daftari la mawasiliano huandikwa kwa saa za kimataifa: saa nne asubuhi yetu ni 0700 katika daftari, na mtu aliyechoka na kulowa huweza kuchanganya saa ya Kiswahili, saa ya ukutani na saa ya dunia katika mstari mmoja.

Kuna hali ambayo redio yoyote huzimwa. Mvua yenye chaji ya umeme ikiipiga antena ya waya, kwenye visikizio husikika mchakacho unaopanda hatua kwa hatua mpaka kufunika kila kituo. Dalili hiyo haitakiwi kuvumiliwa. Antena ichomolewe, waya ushushwe, na watu waondoke kileleni. Kwa kuwa sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, mwanga na ngurumo vikitengana kwa chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na hapo hakuna kituo chochote duniani kinachostahili kusubiriwa. Wakati wa masika radi za Usambara huja zaidi mchana ukiendelea, kwa hiyo anayetaka kurusha apande alfajiri.

Kwa upande wa ununuzi, Yaesu imekwisha kuacha kuitengeneza FT-818, hivyo inayopatikana ni iliyotumika au iliyobaki kwenye maghala, na bei yake ikijumlishwa na usafirishaji na ushuru inakaribia ya pikipiki iliyotumika. Anayetaka masafa mafupi tu, na ambaye mkoba wake unaruhusu, aitafute KX2, ambayo ni nyepesi na haina njaa. Anayetaka wati nyingi kwa fedha ndogo atazame G90 yenye wati 20, ingawa uzito wake na ulaji wake wa betri vitamlalamisha kwenye mteremko wa kwanza. Anayeishi Tanga, Muheza, Korogwe au Lushoto, na ambaye marafiki zake wa redio wako Pemba na pwani, bado ana machaguo machache ya chombo kimoja kinachobeba bendi zote hizi mgongoni, na kwake ninaipendekeza FT-818 pamoja na ndoo yake.

Anayenunua iliyotumika adai kuiona ikirusha kwenye kila bendi, pamoja na 144 na 430, mita ya nguvu ikiwa imeunganishwa. Atikise plagi ya umeme wakati redio inafanya kazi aone kama inazimika, afungue mfuniko wa betri atafute kutu ya kijani kwenye viunganishi, na ajaribu soketi zote mbili za antena, ya mbele na ya nyuma, kwani huchaguliwa kwa menyu na muuzaji asiyejua huweza kuiita nzima redio ambayo soketi yake moja imekufa. Kabla ya kulipa, aulize Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu taratibu za kuingiza na kumiliki kifaa cha kurusha, ili redio isije ikalala bandarini huku mvua za vuli zikianza.